Umeme wa Ustadha Ghizlane

Kikao kilianza baada ya chai ya mnanaa, ghorofa ya juu ya kampuni ya umeme wa jua, Casablanca. Ghizlane Ait Ounzar, mwanasheria wa kampuni, aliyeitwa Ustadha kama waitwavyo mawakili huko, alikaa upande wa dirisha. Mbele yake alikaa Keller, wakili wa wageni waliouza mfumo wa kompyuta unaoendesha mitambo yote ya jangwani. Wageni walitaka mkataba uwape haki ya kuuzima mfumo huo wakiwa kwao, siku yoyote utakapozuka ubishi.

"Ni kawaida," alisema Keller. "Wateja wetu wote wamekubali."

"Basi sisi tutakuwa wa kwanza kukataa. Hospitali ikiingia giza Marrakech, atakayeulizwa ni mimi, si wewe."

Mkurugenzi, Bwana Benzekri, akamkanyaga mguu chini ya meza. Ghizlane akakifuta kifungu kile kwa kalamu. Hapo taa ya mezani, ambayo haikuwa imechomekwa popote, ikawaka chini ya mkono wake. Keller akasogeza karatasi kwenye mwanga, akasoma taratibu, akatia saini.

Tangu siku hiyo kila balbu aliyoishika Ghizlane iliwaka. Fundi wa mitambo alimpima, akasema umeme wake ni mzuri, hautetereki. Bwana Benzekri akamwita ofisini.

"Hongera, binti yangu. Ila mkataba wako wa ajira unasema anachozalisha mfanyakazi ni mali ya kampuni."

"Saa za kazi tu. Niliuandika mimi mwenyewe."

Bwana Benzekri akacheka mpaka akavua miwani. "Ndiyo maana hatukuachii uende kwingine!"

Jumamosi Ghizlane akapanda basi kwenda kwa shangazi yake Tuda, kijiji kilicho nyuma ya mitambo ya kampuni. Vioo vya kunasa jua vilitanda pale wanakijiji walipokuwa wakichunga kondoo. Nyaya nene zilipita juu ya mapaa zikivuma, zikaelekea mjini. Hakuna hata mmoja ulioshuka kijijini. Mkataba wa ardhi ulitiwa saini kabla Ghizlane hajaajiriwa, na haukukitaja kijiji. Kila alipoomba ufunguliwe upya, wizara ilimjibu kwa heshima kwamba bado inalitazama suala hilo.

Jua lilipozama, shangazi alimkabidhi balbu, akamketisha katikati ya chumba. Wanawake wakaingia na sufu zao, wakakaa mbele ya kitanda cha kufumia mazulia.

"Huyu ndiye aliyewakatalia wageni," alisema shangazi. "Mbele ya bosi wake!"

"Unavyojisifu, utadhani umemzaa wewe," mwanamke mmoja akamtania.

"Mama yake alimzaa tu. Ulimi huo kaurithi kwangu."

Wakacheka. Ghizlane naye akacheka, akaketi wima zaidi, na chumba kikang'aa mpaka pembeni.

Bibi mmoja akauliza bila kuinua macho kutoka kwenye nyuzi, "Na waya wetu sisi, Ustadha?"

"Bado uko wizarani, bibi."

"Haya. Basi badilisha mkono, mwanangu, huo umeshachoka."

Ghizlane akaihamishia balbu mkono wa kushoto, nao wakaendelea kufuma.