Mdomo Ulioshuka

Sanamu za plasta hazimtishi mtu. Ndiyo maana yule binti alizipenda tangu alipoanza kujifunza kuchora nyuso. Vichwa vyeupe visivyo na mboni vilikaa rafuni katika chumba cha mwalimu, dirisha moja likivimulika ubavuni, na kwa muda mrefu yeye alivichora kwa mkaa: pua peke yake, sikio peke yake, kisha kichwa kizima cha mzee mwenye ndevu. Plasta haipepesi macho, wala haikuulizi, "Mbona umeninenepesha?"

Mwalimu huyo, wanafunzi walimbandika jina la Timazi, kwa kuwa hakuachana na uzi wake wenye kipande cha chuma nchani, kama wa fundi mwashi. Wimbo wake ulikuwa mmoja: "Usichore unachokijua. Chora unachokiona." Ukikosea, alikufokea mpaka mkaa ukuvunjikie mkononi.

Basi siku alipomwambia binti kwamba plasta sasa basi, alete mtu mwenye damu, binti aliingiwa na ubaridi. Akamleta shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, mshonaji mstaafu mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake.

"Nichore na meno yangu yote," shangazi alisema akijiweka kitini, "hata yale niliyomwachia daktari."

Mwanzo ulikwenda vizuri. Binti aliuning'iniza uzi mbele ya jicho lake, akapima macho, pua, mdomo. Kila kitu kilikaa mahali pake. Wakapumzika. Shangazi akanywa chai, akawasema wanafunzi kwa mashati yao machafu, akarudi kitini.

Hapo ndipo pembe moja ya mdomo ilipokataa. Binti aliichora, akapima, akakuta ameiweka juu mno. Akafuta, akaishusha. Akapima tena. Bado ilikuwa juu mno.

"Shangazi, umejitikisa?"

"Mimi? Nimekaa kama hayo mawe yenu."

Lakini "mawe yenu" yalitoka mazito, kama ya mtu mwenye tonge mdomoni.

Timazi akatokea nyuma ya binti. "Mdomo gani huu? Ulikuwa sawa, umeuharibu. Futa!"

Siku nyingine angefuta bila kufungua kinywa. Leo alisema, "Mwalimu, sijakosea. Pima mwenyewe."

Timazi alifumba jicho moja, akainua uzi. Kile chuma kiliyumba, kikatulia; akapima mara ya pili, akaushusha uzi. "Umeshuka kweli," alisema.

"Shangazi yangu, hebu tabasamu," binti alisema.

"Nicheke nini, nimeona nini?" Hata hivyo alitabasamu. Upande mmoja tu ndio uliotabasamu.

"Inua mikono."

Mmoja ulipanda. Wa pili ulibaki mapajani kama mzigo wa mtu mwingine. Shangazi aliutazama mkono ule, na kwa mara ya kwanza maishani binti aliona woga machoni mwa mwanamke aliyemlea.

Timazi alikimbia barabarani kutafuta teksi. Njia nzima binti alimkumbatia shangazi asianguke, akijaribu kuomba dua na maneno yakimpotea.

"Ilianza lini?" daktari aliuliza.

"Kabla ya chai mdomo ulikuwa sawa. Baada ya chai ulishuka."

"Una hakika?"

"Nilikuwa naupima."

Kilikuwa kiharusi, na walikuwa wamewahi. Shangazi alipona, ulimi ukamrudia na makali yake, ingawa mkono ulibaki mvivu. Aliyeshindwa kupona ni binti. Hakuweza tena kumtazama mtu bila kumkagua: muuza mkate, jirani, hata yeye mwenyewe kwenye kioo. Darasani alirudi kuchora vichwa vya plasta, na Timazi, ajabu, hakumfokea.

Habari kwamba amerudia plasta zikamfikia shangazi. "Unanikimbia?"

"Naogopa, shangazi."

"Na mimi je? Naogopa nikilala, naogopa nikiamka. Lete rangi zako hapa nyumbani. Na uuchore mdomo huu huu, usininyooshe kama nguo."

Akazileta, akaanza. Alasiri moja, katikati ya kazi, kope za shangazi zilishuka, kichwa kikalalia bega. Brashi ikamponyoka binti. Aliruka, akamtikisa kwa nguvu zake zote.

"Shangazi! Shangazi!"

"He! Mtoto wewe! Nitakufa siku yangu, si siku unayonipangia. Niache nilale!"

Binti alipiga magoti sakafuni. Kisha akafuta rangi iliyomwagika, akaokota brashi. Kabla ya kuutazama uso, alikitazama kwanza kifua cha shangazi kikipanda na kushuka ndani ya gauni, akangoja mpaka kilipopanda tena, ndipo akaendelea.