Chembe Zisizoitikia Salamu

Usiku wa jana niliota nimeingia ndani ya picha ya titi langu mwenyewe.

Ni picha ileile aliyonionyesha daktari wiki iliyopita. Alisema kuna chembe za chokaa, nyingi hazina neno, ila kuna kikundi kimoja anachotaka kukichoma sindano, achukue kinyama kidogo kikapimwe. Nikamwambia nitarudi. Sikurudi. Hata mume wangu, Mbelwa, sikumwambia.

Mle ndani ni peupe na pana baridi. Mlangoni pana bilauri ya maziwa imefungwa kamba, inalia.

"Mama Tunu, waambie si mimi."

"Mimi nilijua ni wewe uliyeleta chokaa," nasema. "Nimeacha hata kukunywa."

"Maziwa hayahusiki," anasema mlinzi, ambaye ni chembe kubwa ya mviringo yenye kofia. "Ifungueni."

Inafunguliwa. Inaondoka bila kuniaga.

Nageuka, tuko kwenye ukumbi wa harusi. Chembe kubwakubwa zimekaa mbalimbali, kila moja na kiti chake.

"Shikamooni," nasema.

"Marahaba, mwanetu. Sisi tunazeeka nawe tu. Hatuna ugomvi na mtu."

Karibu na jukwaa, chembe ndogondogo zimebanana kwenye kiti kimoja. Hakuna mbili zinazofanana. Nazisalimia. Kimya.

"Wale ni wabaya?" namuuliza mlinzi.

"Sijui. Huenda ni watu wazuri tu. Ila wamekaa vibaya."

"Si uwaulize?"

"Wanaongea na sindano peke yake."

Napiga magoti mbele yao. Nawauliza kama nitamwona Tunu akimaliza shule. Moja inanitazama. Kisha zote zinasogea kidogo, zinaacha nafasi ya mwenzao mwingine kukaa.

Nikapiga kelele, nikaamka.

Kumekucha. Mbelwa amesimama kando ya kitanda, kikombe cha chai mkononi, ananishangaa.

"Mama Tunu, uliegemea wapi? Mgongo wote chokaa."

Nyumba yetu imepakwa rangi ya mafuta, kijani, ndani na nje.

"Kaa kwanza," nikamwambia. Nikamweleza habari za daktari, za picha, za sindano. Ya bilauri niliyaacha.

Aliweka kikombe chini. Hakuniuliza kwa nini nilimficha. Alichukua ncha ya kanga, akanipangusa mgongo taratibu, halafu akainama kutafuta viatu vyake.

"Vaa," akasema. "Twende ukachomwe."