Mshono wa Ngapi

"Simkalii," alisema Mama Abla. "Mawuli, unanisikia? Mimi simkalii Mama wa Mungu."

Mawuli alikuwa ameinama mezani, chaki mkononi, futi shingoni, na kitenge cha jubilei kimetandazwa mbele yake. Yadi mbili tu. Mama yake na shoga zake wawili walinunua yadi sita wakagawana, na sasa kila mmoja alitaka blauzi na sketi kamili, utadhani kitambaa huota kikimwagiwa maji. Uso wa Bikira Maria ulikuwa mkubwa kama sahani ya supu, na kila baada ya uso ilikuja bendera ya Ghana na nyota yake nyeusi. Mwaka huo miaka mia ya parokia na siku ya uhuru vilikuwa vimeangukia Jumapili moja, na kamati ikaona yote mawili yaingie kwenye kitenge kimoja. Kamati bwana, yenyewe haishoni.

"Nikiupeleka uso mbele, blauzi inakosa mikono," alisema Mawuli. "Nikigeuza kitambaa, Maria anasimama kwa kichwa. Hakuna njia, Mama. Lazima akae nyuma."

"Basi mtoe hapo, uunge kitambaa kingine."

Mawuli akanyooka. "Kiraka? Nguo itoke kwangu ina kiraka matakoni, siku ya sikukuu, watu wametoka mpaka mjini Ho kuja kutazama?"

Bibi kizee akacheka kwa meno yake machache. "Kumbe na wewe unacho chako kisichoguswa!"

"Nitaangalia la kufanya."

"Usiangalie. Fanya." Akaikamata fimbo yake, akajiinua kwa taabu, maana magoti yake yalikuwa yamevimba na daktari alishamkataza hata kusimama kusonga ugali wa akple. "Huamini, hilo najua, nimeshalia machozi yakaisha. Lakini futi yako haijawahi kunidanganya."

Alikuwa haamini kweli, na mji mzima ulijua. Utani ulikuwa kwenye jina lake, maana kwa Kiewe Mawuli ni kusema Mungu yupo. Wazee wa kanisa walikuwa wakipita barazani kwake makusudi, wakiita kwa sauti, "Mungu yupo! Mungu yupo?" Naye, asiyekosa adabu, huitika, "Nipo."

Hakuna aliyemkosea hata akaacha kuamini. Alipokuwa na miaka kumi alitumikia altareni, na Jumamosi watawa waliwaita watoto waje kula mabaki ya mikate ya misa, zile kingo zinazobaki baada ya kukatwa viduara. Walizila na karanga. Kesho yake kiduara kikainuliwa, kengele ikalia, watu wazima wakapiga magoti, na Mawuli akawaza kuhusu zile kingo zilizokuwa tumboni mwake. Alimuuliza mtawa, akafinywa sikio. Alipokuwa fundi, wilaya ilimpa kazi ya kushona bendera. Aliikanyaga sehemu yake nyekundu akitafuta pini, akapangusia jasho ile ya kijani. Siku ya pili polisi akaja kuichukua, akaipigia saluti mle mle dukani. Mawuli nusura amuulize: afande, heshima imeingia kwenye mshono wa ngapi? Maana mimi nimeishona yote na sikuiona ikipita.

Swali hilo halikumpa raha maisha yake yote. Walioamini waliliona ni la kejeli, kumbe mwenzao alitaka jibu.

Basi jioni hiyo akakata. Akaupeleka uso nyuma ya sketi, akaukunja ndani ya rinda refu, akalipiga pasi mara tatu mpaka likalala kabisa. Kipande cha nyuma kikatoka kizima, hakina kiungo, na akakiangalia kwa macho ya mtu aliyeshiba. Alipompelekea mama yake akamwambia, "Tayari. Hukalii mtu." Ajuza hakuigeuza hata kuikagua. Aliinusa ile harufu ya kitambaa kipya, akaiweka chini ya mto.

Jumapili Mawuli hakutulia. Aliitia cherehani mafuta, akasahau, akaitia tena. Akapanga vibobini kwa rangi. Akala gari ya unga wa muhogo na maharage kidogo, akasukuma sahani. Vipaza sauti vya kanisani vilisikika mpaka barazani kwake, nyimbo zikipanda na kushuka, na kila zilipotulia alijikuta anasikiliza kwa nguvu. Ni kitambaa tu, alijiambia. Ni pamba na rangi. Kiwandani wamempitisha huyo mama kwenye mashine mara elfu kumi kwa siku, na hakuna mfanyakazi aliyevua kofia.

Mkewe Esinam alitokea juani, viatu mkononi, anatembea kama mtu anayekwenda kudai.

"Mama yako amesimama."

"Si misa? Watu husimama."

"Wote wamekaa, Mawuli. Askofu amehubiri saa nzima, amesimama. Zimekwenda sadaka, amesimama. Rinda lako limefunguka alipopanda ngazi. Shoga yake Kafui akauona uso, akamnong'oneza, toka hapo hajakaa."

"Si ungempa kitambaa chako ajifunge!"

"Nimempa. Anasema kumfunika si kumwondoa." Esinam akavuta pumzi. "Walimwekea kiti mbele, yeye ndiye mkubwa kuliko wote waliobatizwa pale. Amekiacha. Amekwenda nyuma kabisa, amejibana ukutani, mgongo ukutani. Unajua kwa nini? Watu wasione kazi yako. Magoti yanamtetemeka, baba weee, mimi siwezi kutazama."

Mawuli aliingia ndani, akachukua mkasi mdogo, sindano, uzi mweusi, na mfuko wa vipande. Akavichakura njiani huku anakimbia nusu nusu. Kilichobaki cha kutosha kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa na nyota.

Kanisani alikuwa hajatia mguu miaka thelathini na minne. Aliingia kwa mlango wa pembeni. Watu wakageuka, benchi kwa benchi, mnong'ono ukaenda mpaka mbele. Mama yake alikuwa pale ukutani, fimbo ameishika kwa mikono miwili, midomo imekauka. Alipomwona hakulaumu. Alisema tu, "Umekula?"

"Nimekula, Mama. Sogea mbele kidogo. Shika benchi."

Akashika mgongo wa benchi la mwisho. Mawuli akapita kati yake na ukuta, na kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine ya kuifikia kazi, akapiga magoti.

"Haleluya!" mwanamke mmoja akapaza sauti. "Mawuli amepiga magoti!"

"Nyamaza," Esinam alimwambia. "Anashona."

Aliufumua ule mkunjo. Uso ukamwangalia, karibu mno, macho ya rangi ya samawati iliyovuja kidogo, kazi ya kiwanda cha haraka. Akatoboa kwa ncha ya mkasi, akazunguka, taratibu, nje ya ushungi, nje ya miale, asiguse hata ukingo. Chini yake shimizi nyeupe ya mama yake ilionekana. Uso ukabaki mkononi. Alihitaji mikono miwili sasa. Sakafu ilikuwa na vumbi la miguu ya watu mia nane. Mkono ukaenda kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, kama unavyoenda siku zote kwa kila kipande, ukasita. Akaukunja uso mara moja, akautia mfuko wa shati.

"Yuko wapi?" mama yake aliuliza bila kugeuka.

"Mfukoni."

"Wa mbele au wa nyuma?"

"Mbele."

"Haya."

Akakiweka kile kipande cha nyota juu ya tundu, akaanza. Hapo ndipo kinanda kiliponguruma na mkuu wa wilaya akainuka, na kanisa zima likainuka naye kwa wimbo wa taifa. Mikono ikabandikwa mapajani. Mzee wa kanisa mmoja, aliyekuwa jeshini zamani, akamwinamia Mawuli, mshipi wake wa buluu ukining'inia begani, akafoka kwa sauti ya chini.

"Wewe! Simama! Wimbo wa taifa!"

"Bado mishono sita."

"Huoni haya? Watu wakipiga magoti hupigi, wakisimama unapiga magoti!"

"Mitano," alisema Mawuli, sindano ikipita.

Mama Abla alipapasa nyuma kwa vidole. "Umeniwekea nini hapo?"

"Nyota, Mama. Ya bendera. Ndicho kipande kilichobaki." Akasubiri. Sindano akaishikilia hewani. "Nikitoe?"

Bibi kizee akafikiri mstari mzima wa wimbo.

"Serikali imenikalia tangu usichana wangu," alisema. "Na mimi leo nitaikalia kidogo."

Yule askari wa zamani akafumba macho na kuendelea kuimba. Mawuli akakata uzi kwa meno. Kiraka kilikuwa kimekaa upande, mishono mirefu ya mtu mwenye haraka, nyeusi juu ya buluu ya kitenge; aliyekuwa na macho angekiona kutoka altareni. Kafui alishakiona. Nusu ya mji ilishakiona. Kesho wangekuwa wanakizungumza sokoni.

Wimbo ukaisha. Watu wakasogea wakampa mama nafasi kwenye benchi la mwisho, naye akazunguka, akashuka polepole, mkono huku na mkono kule, mpaka akafika. Mawuli alisikia pumzi ikimtoka, ndefu, kutoka mbali. Mbele mtu alikuwa anasogeza kipaza sauti. Hotuba zilikuwa nane.

Alitaka kutoka, lakini magoti yake nayo, ya miaka hamsini na minane, yalikataa. Akabaki palepale nyuma ya benchi, sindano ameichomeka kwenye ukosi, anazungusha mkasi, anaangalia mlango.

Mkono wa mama yake ukaja kinyumenyume juu ya mgongo wa benchi, bila yeye kugeuka, ukafunguka. Palikuwa na peremende moja, ile ile nyeupe aliyokuwa akimpa alipokuwa mdogo na hatulii misani.

Mawuli akaichukua. Akaanza kuifungua taratibu, kwa ncha za vidole, na karatasi ikalia kanisa zima.