Kabla Gari Halijachemsha

Bibi mshonaji alikuwa na dakika kumi za mume wake kila siku, na hata hizo zilikuwa zinapungua.

Huu ulikuwa mwaka wa tatu tangu mzee apotewe na kumbukumbu. Ndani ya nyumba alimwita mkewe "nesi". Alimshukuru kwa chai, alimshukuru kwa soksi, kwa ile adabu anayopewa mtu baki, na kila asante ilimchoma mama wa watu kama sindano ya cherehani iliyopita kidoleni. Lakini uani kulikuwa na gari lake la ujanani, jekundu, la mbio, la viti viwili tu, la chini kiasi kwamba ukiingia unajiona umekaa sakafuni. Siku moja, katika kumtuliza, bibi alimketisha kwenye usukani akawasha injini. Mzee akasikiliza. Akageuka, akamtazama machoni.

"Konda," akasema, "mlango umeufunga?"

Konda! Ndilo jina alilompa walipokuwa wachumba, maana yeye ndiye aliyekaa pembeni akimwelekeza wapi akate kona. Konda wa gari lisilo na abiria. Bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Tangu hapo kila siku saa nne asubuhi walikwenda safari. Fundi wa mtaani alikuwa ameifungua gia kwa chini, mzee akiivuta haishiki kitu, kwa hiyo gari halikwenda popote. Lilinguruma palepale likiutazama ukuta. Mzee yeye aliona barabara. Alikata kona, akawafokea wenye malori, akamtania mkewe kwa kofia yake aliyosema ingeweza kubebea mahindi. Shida ni kwamba gari likisimama halipati upepo, na feni ya rejeta ilikuwa imekufa. Dakika ya kumi mshale wa joto ulifika kwenye wekundu, mvuke ukaanza kufuka kwenye boneti, na bibi hakuwa na la kufanya ila kuzima. Injini ikinyamaza tu, mzee alimgeukia kwa upole na kusema, "Asante sana, nesi."

Hata dakika kumi angeridhika nazo. Ila siku za karibuni mzee alichelewa kufika. Zamani alimjua mkewe injini ikikohoa tu. Baadaye ikachukua dakika nne, kisha sita, na juzi nane. Bibi hakusoma sana, lakini hesabu ya namna hiyo haihitaji kalamu.

"Mota imeungua, mama," fundi alimwambia, amelala chini ya pua ya gari. Alipoivuta feni, fremu yake ilikatika vipande mkononi kama biskuti. "Na feni za siku hizi ni pana, haziingii hapa. Hili gari limenizidi umri. Utazunguka sana."

"Nitazunguka."

"Na jua hili?"

"Nina kofia, mwanangu. Hujazisikia sifa zake?"

Kwa kuwa feni yenyewe haikubebeka tena, bibi alifanya kama anavyofanya kwa mteja. Alichukua futi yake ya kamba, akapima nafasi iliyoachwa, akakata katoni kwa mkasi, akatoboa matundu manne ya bolti. Akaibana kwapani, akamwomba jirani amwangalie mzee, akaenda mtaa wa vipuri.

Huko walimcheka, ila si kwa ubaya.

"Mama, unalishonea gari gauni?"

"Ndiyo, na lina kifua chembamba. Mna kitu cha kulitosha?"

Hawakuwa nacho. Duka la pili halikuwa nacho, wala la tano. Kijua kilipokuwa utosini alifika kwenye kibanda cha bati mwisho kabisa wa mtaa, ambako mzee mmoja muuza vipuri alikuwa amezungukwa na rejeta kama mtu aliyejengewa ukuta. Yule mzee hakuuliza kwanza anataka nini. Aliigeuza ndoo, akaifuta kwa shati lake, akasema, "Kaa, dada yangu. Miguu kwanza."

Walijaribu feni tatu. Moja ilikuwa kubwa. Ya pili ndogo. Ya tatu ilikaribia, lakini muuza vipuri alitikisa kichwa. "Hii inasukuma hewa. Ya kwako inakaa nyuma ya rejeta, lazima iwe ya kuvuta." Akamtazama. "Gari lenyewe mnakwenda nalo wapi?"

Bibi hakuwa amemwambia mtu. Sijui ni ile ndoo iliyofutwa, akajikuta anamweleza yote: nesi, konda, dakika nane kati ya kumi. Muuza vipuri alisikiliza akichezea nati. Kisha akainua macho juu ya meza yake, ambako feni ndogo nyeusi ilikuwa imefungwa kwa waya, imeunganishwa na betri, ikimpulizia shingoni.

"Hii ilitoka kwenye kigari cha kusambazia mikate," alisema, tayari anaifungua.

Wakailaza juu ya katoni. Upana sawasawa. Matundu, hata moja halikukutana.

"Hebu ngoja," bibi akasema. Akaigeuza katoni chini juu. Matundu yote manne yakakaa. "Miaka hamsini nashona, leo nimekata mkono wa kushoto nikauita wa kulia!"

Muuza vipuri alicheka mpaka akashika meza. Bei aliyoitaja ilikuwa ya kumfanya tu asijione ameomba.

"Na wewe utapata wapi upepo?"

"Nitafungua dirisha."

Kibanda hakikuwa na dirisha. Bibi aliliona hilo, akampa mkono, akaondoka.

Kesho yake fundi aliifunga feni, akaondoka akipiga mluzi. Saa nne bibi akawasha. Dakika ya nane ikapita, ya tisa ikapita, na mzee bado alikuwa anautazama ukuta kama mgeni. Ya kumi. Mshale ulipanda mpaka katikati, feni ikaanza kuzunguka, mshale ukatulia hapohapo. Dakika ya kumi na mbili mzee akasema, "Konda, mbona umenuna?"

Walikwenda mbali siku hiyo. Alimsimulia upya siku waliyopasukiwa na tairi wakielekea kwa wakwe, alimuuliza kama mgongo bado unamsumbua, alimshika mkono kati ya gia na gia. Bibi alikaa ametulia kabisa, kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa. Nusu saa. Kisha mzee akaanza kupunguza gia, moja moja, akakanyaga breki.

"Tumefika," alisema. "Mwite mtoto."

Mtoto wao wa pili walikuwa wakimchukua shuleni kwa gari hili, akikaa magotini mwake kwa kuwa viti ni viwili. Kaptura zake za shule alizishona mwenyewe. Alifariki kwa homa ya siku tatu, hajamaliza miaka saba, na ilikuwa zamani sana.

"Hawajatoka bado," alisema.

"Basi tungoje."

Wakangoja. Feni ilizunguka, ikapumzika, ikazunguka tena. Mshale haukusogea.

"Wenzake wote wameshatoka," mzee akasema, sasa sauti ina wasiwasi. "Nenda kamwangalie, mama."

Bibi alishuka, akazunguka mpaka nyuma ya nyumba, akasimama karibu na kamba ya nguo. Hakuwa na pa kwenda. Aliporudi alikuwa ameandaa uongo mzuri kuhusu mwalimu na kazi ya ziada, lakini mzee alimtazama usoni mara moja tu. Alikuwa mume wake kamili saa ile, na uso wa mkewe alikuwa anausoma.

"Hatutoki naye," alisema.

"Hatutoki naye, mume wangu."

Mzee aliweka paji la uso kwenye usukani akalia, na bibi akalia naye, mkono mgongoni kwake. Miaka mitatu alimlilia yule mtoto peke yake. Hakuna mwingine aliyekumbuka kicheko chake. Alijua anachotakiwa kufanya, lakini aliiacha injini ingurume kidogo zaidi. Kisha akanyoosha mkono akageuza ufunguo.

Mzee aliinua kichwa taratibu, akayagusa mashavu yake, akashangaa vidole vimelowa. Bibi akampangusa kwa ncha ya kanga, akamshika mkono, akampeleka ndani akapumzike.

Siku iliyofuata saa nne aliwasha tena. Mzee alichelewa kuja, akaja, akaitania kofia, wakaenda mwendo mzuri. Bibi hakuangalia tena mshale wa joto. Aliangalia mkono wa mumewe, na ulipokwenda kwenye gia kupunguza mwendo kwa mara ya kwanza, akazima.