Redio ya Kona ya Nyamyumba

Mimi nina mdomo, sikatai. Ndiyo maana Madamu Uwera alinipa kazi ya kuongea na malori.

Ilikuwa 1999. Mvua ilikuwa imekula nusu ya barabara ya Nyamyumba, pale penye kona kali juu ya ziwa. Magari madogo yalipishana bila taabu, lakini malori mawili yakikutana, ilibidi moja lirudi kinyumenyume, ukingo huu hapa na maji kule chini. Madamu Uwera, injinia wa barabara, akaleta dawa yake: redio ndogo ndani ya kila lori, na kubwa kwenye kibanda changu upande wa mlima. Kutoka pale niliona pande zote mbili za kona. Dereva akifika anabonyeza, anauliza. Mimi namjibu apite au angoje.

Redio ilikuwa ya majaribio. Madamu alisema wazi: malori yakikutana hata mara moja, ataing'oa aipeleke barabara nyingine, nasi turudi kuyaelekeza malori kwa kupeperusha vitambaa. Niliitaka ibaki, jamani! Nilikulia Lubumbashi, baba akifanya kazi migodini, na tangu turudi Rwanda watu walicheka Kinyarwanda changu sokoni. Redioni, kwa Kiswahili cha madereva, nilikuwa mtu. Wanaume wenye malori makubwa walisimama wakisubiri neno langu.

Mmoja tu ndiye aliyenikera, Sebagabo. Alizaliwa Karagwe, Tanzania, na Kiswahili chake alikivaa kama suti ya harusi.

"Dada Kankindi," alikuwa akisema, madereva wote wakisikia, "hicho ni Kiswahili au una kikohozi?"

"Papa Sebagabo, we pita tu, njia iko wazi. Mambo ya masomo tutaongea dimanshi, tukitoka kanisani."

Siku za mwanzo bahati ilimpenda. Kila alipoita, njia ilikuwa wazi, akapita huku akinisahihisha.

Asubuhi moja ya soko la Mahoko akaita akitoka Nyamyumba, lori limejaa ndizi. Tuyisenge, dereva mwenzake, alikuwa tayari ndani ya kona, akitoka mjini na saruji, na nyuma yake msururu wa magari madogo.

"Chunga, Papa, chunga!" nikamwambia. "Tuyisenge iko mu kona."

"Nimekusikia, dada. Nachunga."

Nikaridhika, nikageuka kumimina chai. Kuinua macho, naona lori la ndizi linaingia konani taratibu, kwa adabu zote, honi ikilia.

"Sebagabo! Nilisema uchunge!"

"Si ndiyo nachunga! Huoni ninavyokwenda polepole?"

Wakakutana pua kwa pua. Tuyisenge hakuweza kurudi, vigari vilimziba. Basi ilimbidi Sebagabo arudi kinyumenyume. Redioni ikaja sauti yake, ndogo.

"Dada, nyuma sioni kitu. Naogopa."

Hasira yote ikanitoka. Nami niliogopa, ila mdomo wangu haukutetemeka.

"Bon. Sikia mi tu. Leta mupira ya nyuma upande ya mulima. Pole. Ingine kidogo. Hapana, unaenda ku ziwa! Mulima, Papa, mulima! Voilà. Nyoosha. Kuja."

Akaja. Kokoto zilianguka majini, nami niliendelea kusema, hata yasiyo na maana, ili tu asikie mtu. Lori lilipotoka konani alizima injini, akalaza paji la uso juu ya usukani. Tuyisenge akapita.

Lakini katika ule msururu alikuwamo Madamu Uwera. Akapanda hadi kibandani, uso umekunjamana, madereva nyuma yake, Sebagabo wa mwisho.

"Ulimwambia nini?" akaniuliza.

"Nilimwambia achunge."

"Sasa si nilichunga!" Sebagabo akadakia. "Mtu akikwambia chunga, anakwambia uwe mwangalifu!"

"Kwetu Lubumbashi ni kusema ngoja! Nani asiyejua?"

Madamu akatutazama mmoja mmoja.

"Basi redio haifai hapa," akasema. "Nyinyi wenyewe hamuelewani." Akashika waya wa antena, akaanza kuufungua ukutani.

Machozi yalinijaa. Sebagabo akavua kofia.

"Madamu, uache," akasema. "Bila sauti yake saa hizi ningekuwa ziwani. Redio haina kosa, na dada hana kosa. Aliniambia ningoje. Mimi ndiye nisiyejua Kiswahili."

Madereva wakacheka hadi wengine wakakaa chini. Mimi sikucheka. Nilijua sentensi ile ilimgharimu kiasi gani, na nilimpenda kwa ajili yake, kama mtu anavyompenda kaka yake. Hata Madamu alishindwa kujizuia, akatabasamu. Akaurudisha waya mahali pake, akaukaza vizuri, akashuka kwenye gari lake.

Msururu ulipokwisha redio ikalia.

"Dada Kankindi, ni Sebagabo. Niko mwanzo wa kona. Nifanye nini?"

"Pita, Papa," nikamwambia.