Kilichokuwa Kikila Betri ya Mwanapili

Gari lilipokataa tena kuwaka, Mwanapili alilipiga teke gurudumu mpaka kidole kikamuuma. Nyuma alikuwa amepakia mafurushi ya shuka zilizokwisha kupigwa pasi, za nyumba za wageni za Galu, na wenyewe walikuwa wakizisubiri. Betri ilikuwa mpya. Iliyotangulia nayo ilikuwa mpya. Pikapu lile kuukuu likilala siku mbili bila kuendeshwa, linaamka maiti.

Mwanapili alikuwa mjane. Mumewe, Boga, alipofariki, yeye alikaa eda nyumbani Kinondo, na shemeji yake Sharif akajitolea kulipeleka gari gereji lisije likaozea uani. Alimshukuru sana. Alipotoka eda akaanza kufua shuka za wageni na kuzisambaza mwenyewe, Diani hadi Msambweni, na tangu hapo Sharif akawa anajua kila alipokwenda. Atakuja, apige hodi kwa adabu, kisha aulize kwa nini jana gari lilisimama Msambweni tangu adhuhuri mpaka alasiri, na kwa nani. Mwanapili aliamini kuna mdomo unaopeleka habari, na aliyezijua safari zake alikuwa mmoja tu: Twaiba, shoga yake tangu chuoni, aliyekuwa akimsaidia kukunja shuka. Alimfukuza mbele ya majirani, akamwita mchonganishi. Twaiba aliapa, akalia, akaenda zake. Tangu siku hiyo hawakusemezana.

Onesmus, fundi wa umeme wa magari, alikuja kutoka Ukunda kwa bodaboda. Mwanapili hakuwa na subira. Alimwambia waziwazi kwamba akitaka kumuuzia betri nyingine watakosana. Fundi alifungua boneti, akachomoa waya wa hasi kwenye betri, na kati ya waya na betri akaunga kitaa cha kupimia. Gari lilikuwa limezimwa, milango imefungwa, ufunguo uko mkononi mwa mwenyewe. Kitaa kikawaka.

"Kuna kitu kinakula," alisema.

Alimwachia Mwanapili kazi ya kukitazama kitaa, yeye akawa anachomoa fyuzi moja moja: ya redio, ya taa, ya honi. Kila akiuliza, Mwanapili alimjibu kwa ukali kwamba bado kinawaka. Fyuzi zikaisha, kitaa hakikuzimika. Onesmus akaeleza kwamba basi kuna kitu kilichoungwa moja kwa moja, bila kupitia fyuzi. Akalala chali chini ya usukani, akaufuata waya mwekundu uliozungushiwa utepe mpya kuliko kitu chochote ndani ya gari lile. Alipoukata, Mwanapili aliona kitaa kikizimika.

Fundi alitoka na kidude cheusi, kidogo kama kiberiti.

"Mama, hii kitu haikuja na gari," alisema. "Ina laini ya simu ndani. Mwenye aliiweka anaona kwa simu yake pahali uko."

Mwanapili aliikumbuka eda, akakumbuka alivyoshukuru. Kisha akamkumbuka Twaiba, na hapo hasira ikampanda, kwa kuwa nusu ya hasira ile ilikuwa juu ya nafsi yake. Akampigia simu. Twaiba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulinifedhehesha mbele ya watu," alisema. "Usinitake radhi kwa simu." Akakata.

Onesmus alirudisha waya wa betri, akalisukuma gari mpaka likawaka. Shuka zilingoja. Mwanapili alikwenda moja kwa moja kwenye duka la rangi la Sharif. Alimwamkia, maana alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, kisha akakiweka kile kidude juu ya meza. Sharif aliwaomba wateja wampishe kidogo. Mwanapili akawaomba wabaki. Kwa sauti ya chini Sharif akasema kwamba mwanamke wa peke yake huangaliwa, na kwamba yeye alikuwa akilinda heshima ya nduguye.

"Nilikuwa edani, shemeji," Mwanapili alisema. "Mimi nimejifungia ndani namlilia ndugu yako, nawe uko chini ya usukani wangu unaunga waya. Heshima gani hiyo?"

Mama mmoja aliyekuwa ameshika kopo la rangi alilirudisha rafuni, akatoka. Mwanapili akamwambia Sharif asikanyage tena uani kwake mpaka aitwe, na wazee wakiuliza sababu, awaeleze yeye mwenyewe.

Alipofika kwa Twaiba alisimama nje, akapaza sauti majirani wasikie kwamba alimsingizia mwenzake, kwamba mpelelezi alikuwa Sharif. Mlango ulikaa sana bila kufunguliwa. Hatimaye Twaiba akatokea, uso umekunjamana, anafunga leso kiunoni. Alisema kusamehe bado hajasamehe, ila yeye pia ana maneno yake ya kumwambia Sharif, basi amfungulie mlango wa gari.