Mboga za Uani Mawaleh

Mwaka 1997, Nunu na mumewe Marhoon walipohamia Mawaleh, mtaa wa Maskati, Nunu alikuja na mbegu za mchicha kutoka Unguja. Alizipanda kwa mapenzi, na jua la Maskati likaichoma miche kabla haijafika urefu wa kidole. Akapanda tena, ikaungua tena. Safari ya tatu alikaa kizingitini, mikono imejaa udongo, akalia kwa sauti.

Kichwa kilichomoza juu ya ukuta. Ni Hajar, jirani yake, mzaliwa wa Qurayyat. Mama yake alikulia Tanga, kwa hiyo Kiswahili alikijua, japo cha kuchanganya.

"Shoga, nani kafa?"

"Mchicha wangu."

Hajar alicheka mpaka akashika ukuta. "Wallahi, ardhi hii ina mboga zake! Kwa nini usipande zilizozaliwa hapa hapa? Tazama, mkunazi wangu huu, kivuli chake kinamwagika mpaka kwako. Asubuhi jua, mchana kivuli. Tutoboe mlango hapa, tulime pamoja."

Nunu alihisi moyo unamruka. Usiku hakulala vizuri kwa mipango.

"Ukuta mzima mnautoboa kwa ajili ya majani?" Marhoon alinung'unika.

"Mlango tu, baba watoto. Mdogo."

Alinung'unika, lakini siku ya Ijumaa yeye ndiye aliyeshika nyundo.

Mvua iliponyesha, wanawake wale wawili wakaingia garini kwa Hajar, wakashika njia ya Qurayyat. Kwenye bonde la mawe Hajar alichuma jani la kijani lililonona, akampa Nunu atafune. Nunu akafumba macho, akapiga kelele. Chachu! Chachu kama ukwaju mbichi!

"Hii ndiyo humaidha," alisema Hajar. "Twende, kuna nyingine."

Shambani kwa jamaa wa Hajar, chini ya mitende, ilitambaa rijla, yenye vijani vinene vilivyojaa maji. Waling'oa miche ya mboga zote mbili pamoja na udongo wake, wakarudi magari yakiwapita na wao wanaimba. Humaidha waliipanda panapopigwa na jua la asubuhi, rijla wakaisogeza penye kivuli cha mkunazi. Kila alfajiri Nunu alikuwa wa kwanza kuchungulia, na kila alfajiri kulikuwa na jani jipya la kumwonyesha mtu.

Akampigia simu dada yake Mahfoudha, Unguja. "Njoo, nna bustani!"

Mahfoudha alikubali. Kama wiki mbili kabla hajafika, upepo ulifungua geti la nje, mbuzi wa mtaani wakaingia. Humaidha ikaliwa mpaka shinani, na rijla ikakanyagwa, vipande vipande vikatapakaa uani.

"Nipe ufagio," alisema Hajar kwa unyonge.

"Acha!" Nunu alikuwa na hasira hata hakutaka kusafisha. Alichukua mpira wa maji, akaumwagia uwanja mzima kana kwamba anaugombeza, kisha akaingia ndani, akafunga mlango.

Wiki nzima hakuchungulia. Alipochungulia tena, alisimama mdomo wazi. Kisha akapita mbio kwenye mlango wa ukutani, peku, mtandio umemdondoka.

"Hajar! Hajar! Amka uone!"

Kila kipande kilichokanyagwa kilikuwa kimeota mizizi. Rijla ilienea pande zote mbili za ukuta, zaidi kuliko walivyopanda wao. Na kwenye shina la humaidha vijani viwili vitatu vilikuwa vimetoka. Wakashikana mikono, wakazunguka kama watoto.

"Mbuzi wametulimia!" alipaza sauti Hajar.

Mahfoudha alipofika, Nunu alipika rijla kwa tui la nazi, Hajar akakata vijani vya humaidha kwenye kachumbari. Mgeni alionja, akaonja tena, akauliza mboga gani hii. Wenyeji walijibu kwa pamoja, mmoja kwa Kiarabu, mmoja kwa Kiswahili, hakuna lililosikika. Wakaangua kicheko.

Marhoon alikuwa keshainuka, sahani mkononi, anaelekea uani kuchuma nyingine.

"Usimalize!" Nunu alimpigia kelele. "Nimewaahidi wanawake wote wa mtaa vipande vya kupanda!"